Kope za Baba

Baba alikuwa mtu wa asubuhi. Jua likichomoza alikuwa na macho yake yote mawili, sauti yake na nguvu za mikono yake. Mchana uliposogea, vitu hivyo vilimtoka kimoja kimoja. Jua likielekea kuzama, aliyebaki kwenye kigoda alikuwa mtu mwingine, kope zimeanguka na mdomo umeachama kidogo. Kwa muda mrefu hatukujua kuwa huo ni ugonjwa. Tulikuwa na majina mengine ya kuuita, na majina yale ndiyo yaliyotuvunjia nyumba.

Tulikuwa tunakaa Sibwesa. Baba ni Mbende, kazi yake kurina asali kama baba yake. Mama ni Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, aliyekuja kuolewa kwetu na rozari yake shingoni. Mimi ndiye mtoto wao wa kwanza, na baada yangu walikufa wawili, kisha akaja mdogo wangu ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Serikali ilikuwa imetuhamishia kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Msitu ambao zamani ulianzia nyuma ya jiko letu ukawa mbali. Mizinga ya baba ilibaki kulekule juu ya miti, kwa hiyo msimu wa kurina ukifika yeye na kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, walibeba madebe na kamba, wakaenda kupiga kambi huko mpaka madebe yajae.

Upande wa baba wana mwiko wao. Mwanamume akiwa msituni, nyumba yake nayo iko msituni. Mke aliyebaki hagombani na mtu, hatoi moto wa jikoni kwake kumpa jirani, na zaidi ya yote hajui mwanamume mwingine. Wanasema nyuki wananusa. Mke akikosea nyumbani, nyuki watakataa moshi, kamba italegea, mikono ya mume itafunguka yenyewe akiwa juu ya mti. Mama hakukulia mambo hayo.

"Kwetu mpunga hauulizi nani kalala wapi," alimwambia baba siku moja akicheka.

"Nyuki wanauliza," baba akamjibu.

Na mama aliufuata mwiko huo. Jirani akija na kijinga cha kuni kuomba moto, alimwomba radhi na kumwelekeza nyumba ya tatu.

Ugonjwa ulianza na kope ya kushoto. Ilikuwa inashuka jioni, asubuhi imepanda. Baba mkubwa, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alifurahi sana alipoiona.

"Mdogo wangu, unamkonyeza nani? Hapa wanawake wote ni shemeji zako."

"Namkonyeza mkeo."

"Basi mkonyeze vizuri, umalizie na jicho la pili."

Tukacheka wote. Baada ya muda jicho la pili nalo likashuka. Kisha baba akaanza kuona vitu viwili viwili. Alimimina maji pembeni ya kikombe. Njiani jioni alitembea amefunika jicho moja kwa kiganja, kwa sababu, kama alivyosema, anaona njia mbili na anajua moja ni ya uongo, ila hajui ni ipi.

Halafu ikaja taya. Mama alipika ugali na nyama kavu, baba akatafuna mara chache, kisha akaacha. Alikuwa analishika taya lake kwa mkono na kulisaidia kufunga, kama mtu anayewaza jambo kubwa. Nyama aliirudisha sahanini. Siku nyingine maji aliyokunywa yalimrudia puani. Mama aliona chakula chake kimekataliwa.

"Sema tu kama umechoka na mapishi yangu."

"Sijachoka."

"Ninapoongea unasinzia."

"Sisinzii. Nakusikia."

"Basi nitazame."

Baba alirudisha kichwa nyuma ili amtazame kwa upenyo uliobaki chini ya kope. Mtu akikutazama hivyo unaona kama anakudharau kutoka juu. Mama aliondoka akaenda kusugua vyombo ambavyo vilikuwa vimeshasuguliwa.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu ndilo lililotupoteza. Baba hakuwa na maumivu. Ukimgusa mguu alihisi, ukimuuliza jambo la zamani alikumbuka kuliko wewe. Hakuwa na homa. Na kila asubuhi aliamka mzima. Sisi magonjwa tuliyoyajua hayana tabia hiyo. Kifafa humwangusha mtu na kumtetemesha, kila mtu akaona. Kiharusi kikishika upande hakiachii eti kwa sababu kumekucha. Ugonjwa unaoondoka asubuhi na kurudi jioni, nani angeuita ugonjwa? Watu walisema ni pombe, na baba alikuwa hata togwa linamkaba. Walisema ni uvivu. Wengine walisema mwanamume anayeshusha macho mbele ya mkewe ana kitu anachokijua.

Msimu wa kurina ulipofika mama alimwomba asiende. Baba alisema atapanda asubuhi tu. Lakini kurina si kazi ya kuchagua saa. Ukishawasha kienge na kuwatia nyuki moshi kwenye mti huu, unafuata na mti wa pili kabla nyuki wa pori zima hawajachafuka. Baba mkubwa alitusimulia baadaye kuwa mizinga ya mwanzo baba aliirina kama zamani. Jua lilipokuwa kali, akiwa juu ya mti mwingine, mikono ilifunguka. Hakuteleza wala tawi halikukatika. Alikuwa ameshika kamba, vidole vikaiachia, akashuka na kamba ikimchuna viganja mpaka akajipiga chini. Aliteguka bega. Nyuki wakamshukia, na hakuweza kuinua mkono kuwafukuza.

Baba mkubwa alimbeba mpaka kambini, na kesho yake wakarudi. Ninaamini aliogopa kweli. Anampenda mdogo wake. Lakini njia nzima alikuwa na swali moja tu kichwani, lilelile alilofundishwa na baba yao.

Bahati mbaya ni kwamba nyumbani alikuwa amekuja mgeni. Wakati baba yuko msituni, bibi yangu mzaa mama, kutoka kwao huko Mpimbwe, alimtuma mtoto wa mjomba wake mama atuletee mchele. Kijana yule alifika na mvua, mto ukajaa, akalala kwetu. Alilala chumba cha mbele pamoja na mimi, na mama alilala ndani na mtoto. Asubuhi akaenda zake. Kijiji kizima kilimwona akiingia na kikamwona akitoka.

Kikao kiliwekwa uani kwa baba mkubwa. Vikao vyetu huwa jioni, watu wakishatoka mashambani na kunawa miguu. Hakuna mtu aliyefikiria saa nyingine, kwa sababu hakuna saa nyingine. Baba alikalishwa kwenye kigoda, mkono wa bega bovu umefungwa kwa kanga, mkono mwingine umeshikilia kidevu. Shangazi, dada yao, alikaa mkekani karibu na mlango. Mimi niliambiwa nimshike mdogo wangu, na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Shemeji," baba mkubwa akaanza, na kwa kweli alianza kwa upole, "sikukuita kukugombeza. Nataka kujua tu. Huyu alipanda miti kabla hajaota ndevu. Safari hii mikono imefunguka yenyewe. Nyumbani kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu, shemeji."

"Hata mgeni?"

"Alikuja mtoto wa mjomba wangu kuleta mchele. Mvua ikamkamata, akalala."

"Mchele gani huo unaolala?" shangazi akauliza, na watu wakacheka.

Mama alisimama. "Nyie mnacheka? Yule ni ndugu yangu. Mume wangu anamjua, alikuwapo mahari ilipopokelewa, walikula sahani moja. Muulizeni mwenyewe." Akamgeukia baba. "Baba watoto, waambie."

Watu wote wakamtazama baba. Kope zilikuwa zimemfunika kabisa. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilipita puani kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Hakuna neno hata moja lililoshikika. Alimeza mate, akajaribu tena, yakamkaba, akakohoa kikohozi chembamba kisicho na nguvu. Aliinua mkono kutoka kidevuni ili aoneshe kitu, kichwa kikamwangukia kifuani, ikabidi akirudishe kwa mkono uleule. Kisha akamtazama mama na kutabasamu.

Leo najua kuwa lilikuwa tabasamu. Siku ile tuliona kitu kingine. Pembe za midomo hazikupanda. Mdomo wa juu ulijikunja katikati tu, meno yakaonekana, kama anavyofanya mtu aliyesikia harufu ya mzoga.

Mama aliyaona meno yale. Alikuwa amesimama wima mbele ya watu wote waliomcheka, na hakutikisika, lakini alipoyaona meno yale alikaa chini.

"Mmeona wenyewe," baba mkubwa akasema taratibu. "Hata jina lake hataki kulitaja."

Iliamuliwa mama arudi kwao mpaka ukoo wake uje kusafisha jambo hilo. Mtoto anayenyonya atakwenda naye. Mimi nitabaki.

Asubuhi yake naikumbuka kuliko kikao. Baba alitoka ndani jua likiwa bado la manjano, macho wazi, uso wake mwenyewe. "Mama, niletee uji," aliniambia, kwa sababu mimi binti yake huniita hivyo, na sauti ilikuwa safi, kila herufi mahali pake. Alikunywa uji bila kikombe kumtetemeka. Kisha akavuta magome aliyokuwa ameyaloweka, akaanza kusuka kamba kwa mkono mmoja na vidole vya mguu.

Mama alifunga mzigo wake uani. Akaufungua, akaufunga tena. Akamweka mtoto mgongoni, akamshusha, akamnyonyesha ingawa hakuwa amelia, akamweka tena. Jirani alipita akasalimia na kwenda zake. Baba alisuka. Mwishowe mama aliweka mzigo kichwani, akasimama pale ambapo kivuli chake kilifika kwenye miguu ya baba.

"Ninaondoka," akasema.

Baba aliinua macho. Wote wawili walitazamana, na kope hazikuwa zimeanguka.

"Njia ina matope," baba akasema. "Pitia juu, kwenye mawe."

Mama akapitia juu, kwenye mawe.

Mvua zilipokuwa zinaisha baba alipata homa. Zahanati walimchoma kwinini, kama wanavyomchoma kila mtu mwenye homa, na kama ambavyo wengi wetu tumepona. Yeye alizidi kulegea. Hata asubuhi ikawa kama jioni. Alipumua juu juu, mabega yakipanda, na hakuweza kukohoa makohozi yaliyomjaa kifuani. Lori la mbao lilikuwa linakwenda Mpanda. Baba mkubwa alimpandisha mbele kwa dereva, mimi nikapanda nyuma juu ya mbao, na yeye akabaki barabarani ameshika kofia yake.

Mjini tulifikia mtaa wa Kashaulili kwa mzee mmoja wa duka, Mwislamu, aliyekuwa akinunua nta na asali ya baba tangu sijazaliwa. Alimtazama baba akishuka kwenye lori.

"Bwana wee, umekuwa kama karabai inayoishiwa upepo," alisema. "Mafuta yamo, utambi upo, taa inafifia. Wewe unataka kupigwa pampu. Hospitali, sasa hivi."

Alifanya mzaha, lakini alitupeleka mwenyewe, baba amekaa nyuma ya baiskeli na mimi nikimshikilia mgongo.

Siku za kwanza walimsaidia kupumua na kumtoa makohozi. Homa ilipotulia, alikuja daktari aliyekuwa akipita kukagua wagonjwa. Hakuanza na dawa. Alimwambia baba atazame dari bila kushusha macho. Tuliona kope zikiteremka taratibu, kama mkeka unaokunjuliwa. Akamwambia ahesabu kwa sauti. Mwanzoni sauti ilikuwa ya baba, katikati ikaingia puani, mwishoni ikawa upepo tu. Akamwambia anyooshe mikono mbele, mikono ikazama kama iliyofungwa mawe.

"Sasa pumzika," daktari akasema, akavuta kiti akakaa, akaniuliza habari za nyumbani na shule. Baada ya muda akamwambia baba ahesabu tena, na sauti ikarudi kama ya mwanzo.

"Ilianzia machoni?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Asubuhi afadhali, jioni vibaya?"

"Ndiyo."

"Anatafuna akachoka, maji yanarudi puani, anaona viwili viwili?"

Nilishangaa. Nilidhani ametembelea nyumba yetu.

Akamchoma sindano. Tulingoja, na uso wa baba ulipanda mbele ya macho yangu. Kope zilipanda, mashavu yakapata umbo, kichwa kikasimama bila mkono. Baba alinitazama akatabasamu, na pembe za midomo zikapanda mpaka kwenye makunyanzi yake ya zamani. Hapo ndipo nilipoyakumbuka meno yale ya kikaoni, nikaelewa alichokuwa anajaribu kumpa mama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi, sikuweza kuendelea kumtazama.

Nitaandika alivyotueleza daktari, kwa jinsi nilivyoweza kuyashika. Mtu akitaka kuinua mkono, ubongo unatuma ujumbe kupitia mshipa wa fahamu, na msuli una mlango wa kuupokea. Mwili wa kila mtu una askari wake wa kupigana na magonjwa, ndiyo kinga yetu. Kuna watu ambao askari hao hukosea, wakaona milango ile ni adui, wakaishambulia. Ubongo haujaharibika, msuli haujaharibika, ujumbe ndio unaokosa mahali pa kupokelewa. Ujumbe wa kwanza unapita, wa pili unapita kwa shida, unaofuata unapotea. Akipumzika, nguvu inakusanyika tena. Alisema hata madaktari wakubwa wa dunia ndiyo kwanza wanaanza kulielewa jambo hilo. Alisema askari hao wana makosa ya namna nyingi. Kwa mwingine wanashambulia ngozi ya mishipa ya fahamu yenyewe, akafa ganzi na kulegea kuanzia nyayo kwenda juu. Kwa mwingine wanashambulia maungio, yakavimba, na mgonjwa huyo ndiye huamka amekakamaa asubuhi. Wengi wa wagonjwa hao hutembea miongoni mwa watu wakionekana wazima, na kitu kinachowaua mapema ni kutosadikiwa.

Alitukataza kwinini bila kumwuliza daktari kwanza, kwa maana ugonjwa huu hauipendi. Alisema joto, homa, kazi nzito na huzuni huuchochea. Alisema hauambukizi na haurithiwi kwa laana.

Baba alisikiliza yote, kisha akasema, "Mlangoni mwa mzinga kuna nyuki walinzi. Mvua ikiwachanganyia harufu, huwauma nyuki wao wenyewe wanaorudi na asali."

"Ndivyo hivyo hasa," daktari akasema.

"Na mke," baba akauliza. "Mke anaweza kuuleta ugonjwa huu? Akikosea, na mume yuko mbali?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Hata akikosea. Na yule ambaye hakukosea hawezi kabisa."

Baba aligeukia ukutani. Nilimsikia akilia, na kulia nako kulimchosha haraka.

Alipopewa vidonge na kufundishwa kuvimeza kabla ya chakula ili taya lipate nguvu, hakutaka kurudi Sibwesa. Alitaka Mpimbwe. Tulipanda lori la watu wa mpunga, tukafika jua likishuka. Mama alikuwa uani kwao akipepeta. Alituona, akasimama na ungo mkononi, akatukaribisha kama wanavyokaribishwa wageni. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutembea. Alimtazama baba, akajificha nyuma ya mama.

Wajomba walitaka kusikiliza palepale. Baba alikuwa ameshalegea kwa safari. Aliniashiria, nami ambaye mbele ya watu maneno hunikauka nikalazimika kusema: "Wajomba, baba anaomba mpaka asubuhi."

Mama alituletea wali na samaki, mimi na wajomba. Baba alimletea uji mwororo na kijiko, akauweka bila neno. Nadhani alikuwa amemwona anavyoshika kidevu.

Asubuhi baba alimeza kidonge, akangoja, kisha akazungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Alieleza ugonjwa wote, mlango na askari, akaonesha kope zake kwa kutazama juu mpaka zikateremka, ili waone kwa macho yao. Alieleza tabasamu lile. Alisema mbele ya wajomba wote kuwa mke wake hakukosea na kwamba ukoo wetu ndio uliomkosea. Bibi alikuwa anafuta machozi. Mjomba mkubwa alisema ugonjwa hauna adabu, na kwamba neno kama hilo lingeweza kumpata mtu yeyote. Nilikuwa na hakika tunarudi wote. Nilishaanza kufikiria nani atambebea mama mzigo.

Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani.

"Nimeelewa," akasema. "Jioni ile nimekusamehe, baba watoto. Sikujua, na wewe hukujua. Ile haikuwa sauti yako na hayakuwa meno yako."

Akanyoosha kanga magotini.

"Lakini ikafuata asubuhi. Nilifunga mzigo mara mbili. Nilimnyonyesha mtoto asiye na njaa. Ulikuwa na macho, ulikuwa na sauti. Uliniambia njia ina matope."

Baba alifungua mdomo. Kidonge kilikuwa bado kinafanya kazi, jua lilikuwa bado chini, na hakuna kitu mwilini mwake kilichomzuia. Akaufunga.

Tulirudi wawili. Kwenye lori nilimuuliza, jambo ambalo nisingethubutu zamani, kwa nini asubuhi ile hakusema. Alinijibu tulipokuwa tumeshavuka daraja.

"Nilijua hana kosa," akasema. "Na nilijua mikono yangu imefunguka. Mtu akianguka, mama, anatafuta kilichomwangusha. Nilishindwa kuvishika vyote viwili, nikashika kile nilichofundishwa na baba yangu."

Hapandi tena. Baba mkubwa ndiye anayerina mizinga yote, na fungu la baba huleta mwenyewe, analiweka mlangoni, na haleti mzaha nalo. Mwiko bado upo kijijini. Wanaume bado wanakwenda msituni na wanawake bado wanakataa kutoa moto, ila nyumbani kwetu jirani akija na kijinga napuliza makaa mpaka kijinga chake kishike.

Kila msimu wa mavuno yule mtoto wa mjomba huja na mchele kutoka kwa mama. Baba humshika mkono, humwambia alale, na humtandikia kitanda cha chumba cha mbele yeye mwenyewe mapema, wakati mikono bado inamtii. Mwaka huu pia alilala. Asubuhi alipokuwa anafunga baiskeli yake, baba alitoka amevaa shati safi, macho wazi.

"Ukifika," akamwambia, "mwambie njia imekauka."

Kijana alikaza mpira wa mzigo, akautazama mpira ule.

"Nitamwambia, shemeji," akasema. "Nilimwambia na mwaka jana."